Kura ya Ibra, Nyumba ya Nizwa

Kila ulipofika uchaguzi, Yaqoob wa Ibra alikuwa akimpigia simu Bi Ghaniya. Hakukosa hata mara moja. Alipiga asubuhi, Bi Ghaniya ndiyo kwanza anaosha kikombe cha chai, na salamu zake zilikuwa ndefu, za Kiarabu cha Sharqiya, moja inaivuta nyingine.

"Bint ammi," husema, "bitaka yako unayo?"

"Ninayo."

"Basi gari inakuja saa tatu. Usipike."

Bitaka ndiyo kadi ya uraia, na bila ya hiyo mtu hapigi kura. Yaqoob naye ni mtoto wa ammi yake, yaani wa baba mdogo, kwa hisabu ya ukoo. Ukihisabu sawasawa utawakuta wanakutana kwa babu wa tatu. Wazee wake Yaqoob hawakuondoka Ibra. Wazee wa Bi Ghaniya walivuka bahari wakenda kulima karafuu Pemba, na yeye mwenyewe kazaliwa Wete. Aliingia Oman ana miaka ishirini, na sanduku moja la bati, na Kiarabu cha kusomea Kurani tu. Hicho kingine, cha kununulia nyanya na kugombana na fundi wa mabomba, kakiokota huku huku.

Na gari ilikuwa ikija kweli. Kutoka Nizwa mpaka Ibra ni mwendo wa saa mbili, na ndani ya gari mlikuwa na wanawake wengine wa ukoo, mmoja kachukuliwa Manah, mmoja Izki, wote wamejifukiza udi mpaka dereva anafungua dirisha. Njiani wakiambiwa jina la mtu wao wa kumpa kura. Kura yenyewe dakika tano. Kilichobaki ni siku nzima ya wali na nyama na kahawa, na kuulizana nani kazaa, nani kaoa, nani katutoka. Magharibi Bi Ghaniya anarudishwa Nizwa na kifurushi cha nyama kwenye mapaja. Ungemuuliza siku gani anaipenda katika mwaka angekwambia Iddi, kwani ndivyo inavyopasa kusema. Lakini Iddi alikuwa anakula peke yake mara nyingine. Siku ya kura hakuwahi kula peke yake.

Nizwa alipelekwa na kazi. Marehemu mumewe, Humaid, alikuwa mtu wa umeme, na yeye mwenyewe alikaa miaka ishirini na sita katika chumba cha nguo cha spitali, akishona mashuka na mapazia na zile kanzu za wagonjwa zinazofungwa mgongoni. Humaid kafa sasa mwaka wa tisa. Binti yao mmoja tu, Arwa, yuko Maskati, kwenye kampuni ya bima, na gari na mume na foleni za asubuhi. Nyumba ya Bi Ghaniya iko ng'ambo ya wadi, ule mkondo mkavu wa mawe ambao mwaka mzima ni njia ya mbuzi na magari, mpaka siku mvua inyeshe milimani.

Majirani si watu wabaya. Ramadhani sahani zinakwenda na kurudi. Mtu akifa milango yote inafunguliwa. Siku nyengine mageti yamefungwa, na nyuma ya kila geti kuna ukoo mzima unaojitosha. Mbele yake wanamwita Umm Arwa. Wakimwelekeza mtu nyumba wanasema, "ile inayofuata nyumba ya Mzanzibari," kama vile mtu anavyosema ile yenye tangi la buluu.

Sasa mwezi wa Januari, mwaka ule wa mwanzo watu kupiga kura ya baladiya, baraza la mji, kwa simu zao, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Wadi ukashuka. Uliposhuka ulikuja na miti na matairi na mlango wa friji ya mtu, ukakata njia, na upande wa kina Bi Ghaniya ukabaki pweke kama kisiwa. Umeme ulikatika usiku wa kwanza. Chakula alikuwa nacho, unga na tende na mchele. Vidonge vya presha ndivyo vilivyobaki viwili. Akakigawa kimoja nusu kwa kisu.

Arwa alipiga. "Mama, usitoke, mi naona kwenye habari, barabara iko imefungwa."

"Mie nitoke niende wapi, mwanangu?"

Baada ya hapo simu ikaisha chaji. Siku tatu Bi Ghaniya alikaa na mlio wa maji. Alisali, akapika, akapanga kabati ambalo lilikuwa limeshapangwa. Akajikuta anasema kwa sauti, "Haya, sasa kahawa," na hakuna mtu wa kuambiwa haya. Siku ya tatu mchana akasikia mngurumo, akatoka mpaka getini. Greda la baladiya lilikuwa linasukuma mawe pembeni, na dereva wake, kijana mwenye kilemba kilichojaa tope, akatoa kichwa.

"Hajja, upande huu wanakaa watu?"

Kauliza vizuri, kwa adabu, kwa kuwa hakuwa akijua. "Niko mimi," alisema Bi Ghaniya.

Ndilo neno lililomkaa. Alilala nalo, akaamka nalo. Na ilipotangazwa kuwa wanaotaka kujiandikisha au kuhamisha kura zao milango iko wazi, akaanza kupiga hisabu ambayo hakuwahi kuipiga. Kura yake iko Ibra. Humaid ndiye aliyewaandikisha wote wawili huko, kwa kuwa ndiko kwao kwa asili, na baada ya kufa hapana mtu aliyeligusa jina la Bi Ghaniya. Madiwani wa Ibra watatia daraja juu ya wadi wa Nizwa? Hawatii. Na wa Nizwa, akienda kuwaambia habari ya wadi, watamtazama kwa heshima na kumuuliza: bibi, wewe ni mpiga kura wa wapi?

"Hamisha tu, mama," Arwa alimwambia kwenye simu. "Hii kitu rahisi."

"Na watu wa Ibra watasemaje?"

"Watasema nini? Kwani wanakuja kwako lini?"

"Wananichukua siku ya kura."

Arwa akasema polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba, "Mama, mwaka huu kura kwenye simu. Kila mtu nyumbani kwake. Hamna gari mwaka huu."

Hilo Bi Ghaniya alikuwa hajalifikiria kabisa. Aliposikia, akatafuta pa kukaa.

Asubuhi yake akavaa abaya, akenda ofisi ya wali, yule mkuu wa wilaya. Kwenye dirisha alimkuta binti mmoja, jina lake Lujain, vidole vyake vyepesi kama vya mfuma kofia. Bi Ghaniya alianza kwa Kiarabu, na binti akainua macho kwa lafudhi ile.

"Shikamoo, bibi! Bibi yangu mimi Unguja, Malindi. Kiswahili yangu lakini kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Kidogo chatosha."

Wakacheka. Lujain akatafuta, akapata jina, akauliza waraka wa makazi. Waraka wa nyumba ulikuwa bado kwa jina la marehemu. Bili ya umeme, marehemu. Maji, marehemu. Miaka tisa Bi Ghaniya alikuwa akilipa kwa jina la Humaid, na alikuwa hakuona ubaya wake. Ilikuwa kama kumpikia.

"Basi, bibi," Lujain akasema, "lete barua ya sheikh wa mtaa. Aseme tu wewe unakaa hapa. Mtu anakujua?"

"Miaka thelathini na nne, mwanangu."

"Basi rahisi."

Sheikh wa mtaa alikuwa mzee Tamim, mtu wa ndevu nyeupe na maneno ya taratibu, naye alimpokea ukumbini kwake, mkewe kakaa pembeni kama inavyopasa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawa anaizungusha pete kidoleni.

"Hajja, kwamba unakaa hapa, hapana asiyejua. Barua ni mistari miwili. Lakini wewe una watu wako, na watu wako wa Ibra wana heshima zao. Kesho watu waseme Tamim kachopoa kura ndani ya nyumba ya wenzake? Hili silifanyi kwa mlango wa nyuma. Niache niwape khabari kwanza."

"Sheikh, kura ni yangu."

"Ni yako. Nami sikukatalii. Hii adabu tu baina yetu wanaume."

Mkewe akamtazama Bi Ghaniya akatabasamu kidogo, lile tabasamu la wanawake wanaoijua adabu hiyo inavyokuwa ndefu.

Siku mbili zilipita. Ya tatu simu ikalia, na ni Yaqoob, wala si siku ya kura! "Bint ammi, Ijumaa baada ya sala tunakuja kukuamkia. Mimi na ndugu zangu wawili, na Mazoon mke wangu."

Bi Ghaniya alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kuzimika. Tokea tanga la Humaid, mtu wa Ibra alikuwa hajakanyaga nyumba yake. Alifua mapazia. Aliteremsha vikombe vya kahawa vya harusi, vile vyembamba visivyo mkono, akavisugua kimoja kimoja. Alhamisi akakaanga iliki na kuitwanga, akaloweka mchele wa vitumbua, akaagiza nyama ya mbuzi mguu mzima.

"Mama, wanakuja kwa kura," Arwa akamwambia.

"Wanakuja. Hilo la kwa nini niachie mwenyewe."

Na katika kukoroga vitumbua vyake, shauri lake likageuka. Maana kwani kura kitu gani? Karatasi tu, na sasa si hata karatasi. Watu wamefunga safari ya saa mbili. Wakitaka kura ikae Ibra, ikae. Atawaambia mara tu watakapotamka, hatawaacha wabembeleze. Daraja Mungu atalileta kwa njia yake. Akalala na uamuzi huo, na alilala vizuri.

Ijumaa wakaja. Yaqoob alikuwa kanenepa, mkanda wa khanjari umemkaa tumboni kama kamba ya gunia, na uso wake ni ule ule wa furaha. Ndugu zake walimfuata nyuma, na Mazoon akaingia na sahani ya halua akambusu Bi Ghaniya kichwani. Wanaume wakaketi sebuleni juu ya zulia. Zikaja salamu za kwao, zile za kuulizana khabari za mji hata kama hakuna khabari yoyote.

"Kuna khabari?"

"Hakuna khabari. Kwenu?"

"Kheri tu."

Bi Ghaniya akamimina kahawa mwenyewe, kwa mkono wa kulia kama alivyomwona Humaid akifanya. Akampa Yaqoob. Yaqoob akakipokea kikombe, asikinywe. Akakiweka juu ya zulia, mbele ya magoti yake. Ndugu yake mmoja akafanya vile vile. Na wa pili.

Bi Ghaniya akangoja. Hawanywi. Wakazungumza habari za mvua, za bei ya ngamia, za barabara mpya ya Sur, na kahawa imekaa pale inapoa. Iliki imezidi? Imeungua? Alijua watu wa Ibra ni wajuzi wa kahawa, na hawawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba kahawa yake haifai. Basi akafanya ambalo mwanamke yeyote wa Wete angelifanya kumsitiri mgeni wake. Alikwenda mbele ya Yaqoob, akainama, akakichukua kikombe, akaimwaga kahawa ndani ya bakuli la kuoshea, akakisuuza, akamimina nyengine ya moto.

"Ile imepoa, ibn ammi. Chukua hii."

Ndugu wa Yaqoob wakatazama chini. Yaqoob akawa mwekundu, kisha akarudia rangi yake. Akakipokea kikombe kipya, akakiweka tena pale pale, taratibu kuliko mwanzo. Bi Ghaniya akazidi kuona haya. Akakichukua tena, akakimwaga tena, akakijaza, akakirudisha pale pale.

Hapo Yaqoob akainuka.

"Umeshatujibu, bint ammi. Mara mbili. Allah akujaze kheri, hatukuudhiki."

"Nimewajibu nini? Kaeni, chakula kinapakuliwa!"

Wakawa wanashukuru na kuomba radhi na huku wanatoka kutafuta viatu. Bi Ghaniya akabaki na dele la kahawa mkononi. Mazoon akamshika mkono akamvuta mpaka jikoni, akafunga mlango.

"Dada yangu, hukujua?"

"Kujua nini?"

"Mwanamume akija na haja kubwa kwa mtu, hainywi kahawa. Anaiweka chini. Mwenye nyumba akisema, kunywa, haja yako umepata, ndiyo anakunywa. Wewe umeimwaga." Mazoon alikuwa anajizuia, hajui acheke au alie. "Tangu nizaliwe sijaona mtu akiimwaga. Mara mbili!"

Bi Ghaniya akaweka mkono kifuani. Miaka arubaini na nane nchi hii, na hilo hakulijua. Angelijulia wapi? Mambo ya sebuleni yalikuwa ya Humaid. Yeye alikuwa akiingia baada ya wageni kuondoka, kuokota vikombe.

"Mimi nilikuwa nimeshakubali," alisema. "Wallahi, Mazoon, tangu jana nimekubali."

"Basi toka ukamwambie! Bado wanavaa viatu. Atafurahi, tutarudi ndani tutakula."

Akatoka mbio. Kwenye mlango wa sebule miguu yake ikamsimamisha. Vile vikombe vya harusi vilikuwa pale juu ya zulia, na vyote vimejaa. Wanaume watatu wametoka Ibra, saa mbili za njia, na hakuna hata mmoja aliyeonja kitu katika nyumba yake. Kabla ya yeye mwenyewe kuulizwa hali yake, kikombe kilikuwa kimeshawekwa chini.

Uwanjani Yaqoob alikuwa kainama kwenye viatu vyake. Aliposikia hatua, akageuka kwa haraka, uso wake una matumaini ya mtoto.

"Yaqoob," Bi Ghaniya akasema, "ule wadi uliponikata mwezi wa Januari, siku tatu. Ulipata khabari?"

Yaqoob akafikiri. Hakuwa mtu wa kusema uwongo. "Wadi gani, bint ammi?"

Bi Ghaniya akatikisa kichwa. Maneno aliyotoka nayo jikoni hayakutoka.

"Nilikuwa sijui mambo ya kahawa," akasema. "Mimi nilidhani imepoa. Nisamehe kwa hilo. Lakini jawabu ndilo hilo hilo. Kura nitaihamishia ninapokaa. Wewe ni ndugu yangu, na kesho ukipita Nizwa pita, huna haja, pita tu."

"Inshallah," Yaqoob akasema. Akaweka mkono moyoni mwake, na aliuweka kweli. Gari ikageuka, ikashuka wadini, ikapanda ng'ambo. Mazoon peke yake ndiye aliyetazama nyuma.

Mguu wa mbuzi aliwagawia majirani geti kwa geti, na kila geti likamwambia Mungu akulipe, likafungwa. Vitumbua alivila siku nne.

Yaqoob hakumfanyia kinyongo, na haki yake tumpe. Siku ya pili alimpigia Sheikh Tamim akamwambia, mpeni barua yake. Barua ikaja, mistari miwili kweli: kwamba Ghaniya binti Nasser anakaa mtaa huu na anajulikana. Lujain akaipokea dirishani, akabonyeza, akasema, "Tayari, bibi. Sasa wewe mtu wa Nizwa." Bi Ghaniya akasema ahsante, mwanangu. Mlangoni akasimama akitafuta buibui lake, na kumbe amelivaa.

Mwezi wa Disemba ukafika. Asubuhi ya kura akaosha kikombe chake, akakaa. Simu ilikuwa juu ya meza. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Alijua haitalia, na hata hivyo redio hakuifungua.

Arwa alikuwa ameshamtilia kwenye simu ile programu ya kupigia kura na kumfundisha: weka bitaka nyuma ya simu mpaka itetemeke, kisha uso wako kwenye duara, pepesa macho. Akafanya. Kwenye duara kikatokea kizee chenye mtandio, kikapepesa macho. Simu ikamkubali. Halafu zikafunguka picha za wagombea wa wilaya ya Nizwa, safu kwa safu, wanaume na mwanamke mmoja, wote wamekaza shingo.

Hakumjua hata mmoja.

Akazishusha picha, akazipandisha. Miaka yote alikuwa akiambiwa jina ndani ya gari, akalibeba mpaka sandukuni kama anavyobeba chumvi aliyotumwa. Leo kapewa achague mwenyewe, na hana hata mtu wa kumuuliza huyu ni mtoto wa nani. Akampigia Arwa.

"Niko mkutanoni, mama. Chagua yoyote."

Yoyote hakutaka. Kama ni yoyote, si angaliiacha Ibra? Akaizima simu, akajifunga mtandio, akateremka wadini. Mawe yalikuwa makavu, na juu yake kulikuwa bado na ule mlango wa friji, umekunjika, hapana aliyeuondoa. Akapanda ng'ambo mpaka kwenye duka la pembeni.

Mwenye kulikalia duka lile alikuwa Koya, mtu wa Malabar, Bara Hindi, ndevu za kijivu, shati limenyooka kila siku. Kiswahili alikiokota kwa wateja wa Kizanzibari, akakichanganya na Kiarabu cha dukani, na kila mtu alimwelewa.

"Mama, kura khalasi?"

"Bado, Koya. Siwajui hawa watu."

Koya akafuta mikono, akavaa miwani. Bi Ghaniya akaweka simu juu ya kaunta, baina ya biskuti na betri, na Koya akainama juu ya zile picha kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Huyu, baba yake mwenye shamba pale chini, mtu mzuri, lakini anasahau. Huyu anasema sana msikitini. Huyu mimi sijui. Huyu mwanamke mwalimu, watoto wote wanamwogopa, kweli." Kidole kikasimama. "Huyu hapa, siku ya pili ya wadi alikuja. Gari yake aliacha hapa, mbele ya duka. Aliingia majini mpaka goti, na fimbo, anapima. Kisha anakuja kwangu, anaandika. Ananiuliza, Koya, ng'ambo iko watu wangapi?"

Bi Ghaniya akainua macho. "Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nyumba sita. Watu thelathini na moja, na mama Arwa peke yake, dawa yake ya presha sijui kama iko."

"Wewe ulijuaje habari ya dawa yangu?"

"Mama, kila mwezi unatoka famasi, unapita hapa na mfuko. Mwezi ule hujapita."

Bi Ghaniya akashika ukingo wa kaunta. Akaja mtoto akanunua maji, akenda zake.

"Na wewe, Koya," mwishowe aliuliza, "ungelikuwa wewe, ungemchagua nani?"

Koya akacheka mpaka miwani ikateremka. "Mimi ma fi kura, mama! Mimi niko kwa ikama, kibali cha kukaa tu, leo miaka ishirini na sita. Kura ya watu wa hapa."

"Na kwenu?"

"Kwetu jina liko. Lakini lazima uwepo, usimame kwenye foleni. Siku ya kura siku zote mimi niko hapa." Akafikiri. "Nimepiga mara moja. Mwaka wa harusi yangu."

Kisha akavuta kile kiti cha plastiki alichokuwa akikalia yeye, akampa, na yeye mwenyewe akageuka ukutani, akaanza kupanga makopo ya maziwa ambayo yalikuwa yamepangwa. Alimpa mgongo kwa makusudi, mtu mzima yule, akisogeza kopo moja kushoto na moja kulia, asije akaona kidole kinakwenda wapi.

Bi Ghaniya akakaa. Hakuharakisha. Aliutazama uso wa yule mwenye fimbo, kisha akamrudia mwalimu anayeogopwa na watoto, akarudi tena. Akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwa sauti, "Nina hakika," kisha ndiyo akakumbuka kubonyeza. Ikatetemeka mara moja mkononi mwake, ikamwambia kura yako imepokelewa, ikanyamaza. Hapakuwa na mtu wa kumwambia hongera.

"Khalasi," akasema.

Koya akageuka, akafungua friji ya maziwa, wala hakuuliza ni nani. "Laban, mama? Moja, mbili?"

Nyumbani kwake palikuwa na mnywaji mmoja, na Koya alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa Nizwa.

"Mbili," alisema Bi Ghaniya, na akabaki pale pale kwenye kiti, mfuko miguuni, akiwatazama watu wanaoingia na kutoka, mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri na Koya akaanza kufunga duka.